Betri za sola kwa nyumba isiyo na umeme wa gridi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametokana na kazi ya kufunga na kukarabati mifumo ya sola katika nyumba, maduka na zahanati za vijijini katika mikoa ya Singida na Dodoma, mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika au zimepita mbali na nyumba. Mengi huulizwa kabla ya kununua. Machache huulizwa baada ya betri kufa, pesa ikiwa imeshakwenda. Paneli iliyofungwa vizuri hukaa zaidi ya miaka 20 bila kudai kitu isipokuwa kufutwa vumbi. Betri ndiyo inayorudi mfukoni mwa mwenye nyumba kila baada ya miaka michache, na kwa jinsi ninavyoziona zikirudi, nyingi hazifi kwa uzee wala kwa kufanyishwa kazi sana. Zinakufa kwa njaa: kila usiku hutolewa chaji, na mchana unaofuata hazijazwi hadi mwisho. Majibu mengi yaliyo hapa chini yanahusu jambo hilo kwa namna moja au nyingine.

Nianzie wapi: kwenye paneli, kwenye betri au kwenye vyombo?

Anza na vyombo. Chukua daftari, andika kila kifaa utakachotumia, wati zake na saa kitakazowaka kwa siku, kisha zidisha. Jibu ni wati-saa, na hicho ndicho kipimo cha matumizi yako.

Tuchukue nyumba yenye duka dogo. Taa 6 za LED za wati 7 zikiwaka saa 5 ni wati-saa 210. Televisheni ya wati 30 kwa saa 5 ni 150, na king'amuzi chake cha wati 12 kwa muda huohuo ni 60. Feni ya wati 20 kwa saa 8 ni 160. Redio ya wati 10 kwa saa 6 ni 60. Simu nne zitakula kama 40 kwa jumla. Friji ndogo ya sola ya kuuzia soda na maji, katika joto letu, ikadirie 500. Jumla ni wati-saa 1,180. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa gridi) na waya hupoteza sehemu ya umeme njiani, kwa hiyo gawanya kwa 0.85, utapata karibu 1,400 kwa siku.

Angalia jinsi friji peke yake ilivyochukua zaidi ya theluthi moja. Watu wengi huniambia kwamba wanataka sola "ya taa na TV tu", na friji huingia mwezi wa tatu. Kama unajua itaingia, iandike tangu mwanzo, kwa sababu betri iliyopimwa kwa taa ikabebeshwa friji haitafika mwaka wa pili.

Sasa betri iwe kubwa kiasi gani?

Kwa nyumba hiyo ninapendekeza akiba ya siku mbili, yaani wati-saa 2,800, ili siku ya mawingu isikukute umeishiwa. Kiasi hicho ndicho unachotaka kukitoa, wala si ukubwa wa betri unayokwenda kununua, kwa kuwa hakuna betri inayopaswa kumalizwa hadi chini. Betri ya risasi na asidi isishushwe zaidi ya nusu, kwa hiyo utahitaji yenye wati-saa 5,600. Betri nne za volti 12 na Ah 120 (Ah ni ampea-saa; ukizizidisha kwa volti unapata wati-saa) zinakupa 5,760. Betri ya lithiamu inaweza kutumika hadi asilimia 80 bila wasiwasi, kwa hiyo utahitaji wati-saa 3,500. Moja ya volti 25.6 na Ah 150 ina 3,840.

Paneli nazo lazima zilingane na betri. Betri ya risasi hupenda kuchajiwa kwa mkondo wa karibu asilimia 10 ya Ah zake. Betri zetu nne zikifungwa kwa volti 24 zinakuwa Ah 240, hivyo zinataka ampea 24 hivi, ambazo zinatolewa na paneli mbili za wati 330. Katika siku yenye jua linalolingana na saa 4 kamili, paneli hizo zitatoa karibu wati-saa 1,980 baada ya hasara za joto, vumbi na waya. Nyumba inakula 1,400, na zilizobaki zinakwenda kurudisha kilichopungua siku ya mawingu. Ukiwa na paneli moja tu hapo, betri zako zitakufa njaa hata kama ni za bei ghali kuliko zote sokoni. Mtu mwenye pesa kidogo ninamshauri apunguze betri kabla ya kupunguza paneli.

Kwa nini betri iliyoandikwa Ah 100 hainipi Ah 100?

Kwanza kwa sababu ya kiwango cha nusu nilichokieleza. Pili, namba hiyo imepimwa kwa mwendo maalumu. Pembeni yake kwa kawaida pameandikwa C20 au C100. C20 maana yake betri ilipimwa ikitolewa umeme polepole kwa saa 20, yaani ampea 5 tu. Ukiifungia pasi au jiko inayovuta ampea 60, betri ya risasi haitatoa Ah 100 kamwe. Betri iliyopimwa kwa C100 huonekana kubwa kwenye karatasi kwa sababu ilitolewa polepole zaidi, kwa hiyo unapolinganisha betri mbili, hakikisha zote zimepimwa kwa mwendo mmoja.

Kuna aina gani za betri, na ipi inanifaa?

Madukani utakutana na makundi mawili makubwa. La kwanza ni la betri za risasi na asidi: ya maji, ambayo ina vifuniko vya kufungua na inahitaji kuongezwa maji, na zile zilizofungwa ambazo wengi huziita betri kavu, yaani AGM na jeli. La pili ni la lithiamu, na kwa nyumba ninamaanisha lithiamu ya chuma na fosfeti, inayoandikwa LiFePO4 au LFP. Ziko lithiamu za nikeli na kobalti zinazotolewa kwenye magari ya umeme, lakini hizo zikipata joto kupita kiasi huwaka kwa urahisi zaidi, na mimi sizifungi ndani ya nyumba ya kulala watu.

Betri ya maji ina faida ambayo mara nyingi husahaulika, kwamba inaweza kupimwa kwa haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, seli moja moja, na mwenye nyumba makini anaweza kuiangalia mwenyewe. Ubaya wake ni kwamba inatoa gesi na inadai uangalizi wa kila mwezi. Jeli na AGM hazitoi harufu wala hazimwagiki, lakini zikichajiwa kwa volti kubwa mno maji yake ya ndani hukauka, na huwezi kuyarudisha.

Tofauti inayonifanya nipendelee lithiamu katika nyumba nyingi haihusu uzito wala ukubwa. Betri ya risasi lazima ijazwe hadi mwisho mara kwa mara, na sehemu ile ya mwisho ndiyo ngumu: ikifika asilimia 80 hivi huanza kupokea kidogo kidogo, na asilimia 20 zilizobaki zinaweza kuchukua saa 3 au 4 zaidi za jua. Siku jua linapochelewa au familia inapotumia umeme mchana, sehemu hiyo haijazwi, na kila siku ya namna hiyo inaacha kidonda ndani. Lithiamu haina tatizo hilo. Ukiijaza nusu leo na robo tatu kesho, haidhuriki. Kwa wiki nzima ya masika yenye mawingu, tofauti hiyo ina thamani kubwa.

Lithiamu ni ghali. Je, inalipa kweli?

Usilinganishe bei ya betri kwa betri. Linganisha umeme utakaopita ndani yake katika maisha yake yote. Tuseme betri zetu nne za risasi zinatolewa wati-saa 2,880 kwa kila mzunguko, yaani kutolewa na kujazwa tena, na zinafikisha mizunguko 500, ambayo ni kawaida kwa betri iliyotunzwa na kushushwa hadi nusu. Jumla ni kilowati-saa 1,440. Betri ile ya lithiamu, ikitolewa wati-saa 3,072 kwa mizunguko 3,000, inapitisha kilowati-saa zaidi ya 9,200. Hata ikiuzwa mara tatu ya zile za risasi, bado ni nafuu.

Hata hivyo hesabu hiyo inasimama endapo tu utaitumia kila siku kwa miaka mingi. Kwa nyumba ya kupumzikia inayofunguliwa mara chache kwa mwaka, au kwa mtu ambaye ameshaona nguzo za umeme zikisimikwa kijiji cha jirani, betri za risasi zinaweza kutosha kabisa.

Naweza kutumia betri ya gari, kwa mfano N70?

Inawaka, ndiyo maana watu wengi huitumia. Lakini imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kupiga stata, kisha alteneta inairudishia. Sahani zake za risasi ni nyembamba na nyingi. Ukiishusha kila usiku kwa taa na televisheni, sahani hizo humomonyoka, na baada ya miezi kadhaa utaona taa zinafifia saa mbili usiku. Kwa taa mbili na simu si mbaya kuanzia nayo kama ndiyo uliyonayo. Usiende kuinunua mpya kwa ajili ya sola.

Nitatambuaje betri ya uongo dukani?

Ibebe. Risasi ni nzito na haiwezi kuigizwa. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 100 kwa C20 huwa na kilo 27 hadi 32. Nimewahi kupewa yenye maandishi ya Ah 100 ambayo niliinua kwa mkono mmoja bila kukunja uso. Kwenye mizani ilikuwa na kilo 17. Lithiamu ya ukubwa huo huwa na kilo 10 hadi 13, hivyo ukikuta ya kilo 6, sehemu kubwa ya kasha hilo ni hewa.

Baada ya hapo mwambie muuzaji apime volti mbele yako. Betri ya risasi iliyopumzika na iliyojaa husoma karibu 12.7. Ikisoma chini ya 12.4 imekaa rafuni muda mrefu bila kuchajiwa, na njaa ile imeshaanza kabla hujalipa. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na udai risiti na waranti ya maandishi. Isome waranti: nyingi hazitambui betri iliyowekwa kwenye joto kubwa au iliyofungwa bila kontrola, kifaa kinachosimamia kuchaji kati ya paneli na betri.

Nifunge volti 12, 24 au 48?

Inveta ikivuta wati 1,000 kwenye volti 12, waya wa betri unabeba zaidi ya ampea 90. Kwenye volti 24 ni nusu yake, na kwenye 48 ni robo. Joto linalopotea ndani ya waya huongezeka kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo ukipunguza mkondo kwa nusu, hasara kwenye waya uleule inashuka hadi robo. Kwa taa na televisheni, volti 12 inatosha. Nyumba yenye friji na inveta ya wati 1,000 iende 24. Kuanzia wati 3,000, nenda 48.

Nikiwa na betri mbili kwenye mfumo wa volti 24, naweza kuchukua volti 12 kwenye moja ili niwashe redio?

Hapana. Betri hiyo itatolewa zaidi ya mwenzake, lakini kontrola inaona jumla ya volti 24 na kuzichaji kana kwamba zinalingana. Moja itabaki na njaa na nyingine itazidishiwa. Nunua kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12; bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na betri.

Je, naweza kuongeza betri mpya kwenye za zamani?

Betri ya zamani ya risasi ni mzigo kwa mpya. Zikifungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), kuukuu huinyonya mpya usiku na huchelewesha kujaa mchana. Zikifungwa kwa mfuatano (chanya ya moja kwa hasi ya nyingine), dhaifu hushuka kwanza na kuharibika zaidi. Kama ni lazima uongeze, fanya hivyo ndani ya miezi ya mwanzo, kwa aina ileile, Ah zilezile na chapa ileile. Risasi na lithiamu zisichanganywe kwenye mfumo mmoja, kwa sababu volti zake za kuchaji na za kupumzika hazifanani.

Betri zangu ziko sambamba, lakini ya kwanza hufa kabla ya nyingine. Kwa nini?

Angalia mahali waya mkuu ulipochukuliwa. Mara nyingi fundi amefunga chanya na hasi zote mbili kwenye betri ya kwanza, kisha akaruka kwenda ya pili na ya tatu. Kila waya wa kuruka una upinzani wake, hata uwe mdogo, kwa hiyo betri ya kwanza hufanya kazi kubwa kuliko wenzake wakati wa kutoa na wakati wa kupokea. Chukua chanya kwenye betri ya kwanza na hasi kwenye ya mwisho, kwa mshazari, ili umeme wa kila betri upite urefu ule ule wa waya. Waya za kuruka ziwe na urefu na unene mmoja. Na usizidishe safu tatu au nne za sambamba. Ukihitaji zaidi ya hapo, nunua betri kubwa zaidi au panda volti.

Niziweke wapi?

Betri ya risasi hupenda nyuzi 25. Kanuni inayotumika ni kwamba kila nyuzi 10 zinapoongezeka juu ya hapo, maisha yake hupungua kwa karibu nusu. Katika zahanati moja nilikuta betri zimepangwa kwenye rafu ya juu, sentimita chache chini ya bati, ili watoto wasizifikie. Nia ilikuwa njema. Saa nane mchana nilipoweka kipimajoto juu ya betri kilisoma nyuzi 43, na kasha la jeli lilikuwa limevimba ubavuni kama mkate. Tulizishusha sakafuni, upande wa ukuta usiopigwa na jua la jioni, tukazizungushia wavu wenye kufuli.

Betri ya maji isikae chumba cha kulala wala karibu na jiko. Inapokaribia kujaa hutoa hidrojeni, na hewa ikiwa na asilimia 4 tu ya gesi hiyo cheche inaweza kuilipua. Hidrojeni ni nyepesi, hupanda juu, kwa hiyo acha tundu la hewa juu karibu na dari na lingine chini. Wengi huogopa kuweka betri kwenye sakafu ya saruji kwa kuamini kwamba saruji hunyonya chaji. Kwa makasha ya plastiki ya siku hizi hilo halina ukweli. Bado ninashauri kuinua kwa ubao au tofali, kwa sababu ya unyevu na maji ya mvua yanayoingia mlangoni. Lithiamu haitoi gesi katika kazi ya kawaida, lakini ifungwe kwenye ukuta wa tofali, mbali na godoro, mkaa na mafuta ya taa.

Fyuzi ni ya lazima, na iwe wapi?

Ni ya lazima, na iwe karibu na terminali chanya ya betri kadiri inavyowezekana, isizidi urefu wa kiganja. Paneli ikipata shoti hutoa mkondo wake wa kawaida na kidogo zaidi. Betri ya Ah 100 ikipata shoti hutoa zaidi ya ampea 1,000 papo hapo. Mwanzoni mwa kazi yangu spana iliniponyoka ikalala juu ya terminali mbili. Ilikuwa sekunde moja, labda pungufu. Spana iliganda mahali pake, ncha yake ikawa nyekundu, na risasi ya terminali ikayeyuka na kuruka hadi kwenye mkono wa shati. Tangu siku hiyo spana zangu zote zimezungushiwa utepe wa umeme hadi karibu na mdomo, na sivai pete wala saa nikiwa kwenye betri. Kuvaa miwani ya kinga ni sehemu ya kazi.

Fyuzi au swichi ya kujikata iwe ya umeme wa DC, yaani wa mkondo mmoja kama wa betri. Umeme wa gridi hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche kati ya vichwa vya swichi huzimika yenyewe. DC haina sifuri hiyo: cheche ikishaanza huendelea kuwaka, na swichi ya kawaida ya nyumbani inaweza kuungua ikiwa tayari iko kwenye alama ya kuzimwa. Waya uwe mnene kulingana na mkondo. Kwa inveta ya wati 1,000 ya volti 12 usitumie chini ya milimita za mraba 25, na uwe mfupi. Vichwa vya shaba mwishoni mwa waya vibanwe kwa koleo lake, visigongwe kwa nyundo. Baada ya wiki moja ya matumizi, gusa kila kiungo mfumo ukiwa na mzigo. Chenye joto kuliko wenzake kimelegea.

Nianze kuunganisha nini?

Anza na betri kwenye kontrola, kisha paneli, kisha vyombo. Kontrola inahitaji kuiona betri kwanza ili ijue ni mfumo wa volti 12 au 24. Ukianza na paneli inaweza kusoma vibaya au kuungua. Kutoa ni kinyume: vyombo, paneli, betri mwisho.

Kontrola niiweke namba gani?

Kwa betri ya risasi ya volti 12, kiwango cha kujaza kwa kawaida ni 14.4, jeli 14.1 au 14.2, na cha kushikilia baada ya kujaa ni kati ya 13.5 na 13.8. Lithiamu ya LFP hujazwa kwa 14.2 hadi 14.4. Ya volti 24, zidisha mara mbili. Karatasi ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho. Betri ya maji hunufaika na kuchemshwa kwa volti za juu mara chache kwa mwaka ili seli zilingane, lakini kipengele hicho kizimwe kabisa kwa jeli, AGM na lithiamu.

Namba inayosahaulika ni ya chini. Inveta nyingi ndogo zinajizima betri inapofika 10.5. Kwa betri ya risasi hapo imeshapita mbali chini ya nusu. Na kwa kuwa inveta hufungwa moja kwa moja kwenye betri, kontrola haina uwezo wa kuizuia. Nunua inveta ambayo unaweza kubadilisha kiwango chake cha kujizima, ukiweke 11.8 au 12. Kama haibadiliki, weka kifaa cha kukata katikati. Ningetaka kila mwenye nyumba aulize swali hili dukani kabla ya kuuliza rangi au umbo la inveta.

Betri inajaa saa nne asubuhi, lakini usiku inaisha saa mbili. Ina nini?

Kwa betri ya risasi, hiyo ndiyo sura ya njaa ya muda mrefu. Kila inapotoa umeme, sahani zake hupata tabaka laini la salfeti ya risasi, na kuchaji huliondoa. Lisipoondolewa, hugeuka fuwele ngumu. Nimekata betri kadhaa zilizokufa hivi: sahani ambazo zingepaswa kuwa na rangi ya kahawia iliyoiva na kijivu zimefunikwa na ukungu mweupe, ukipitisha ukucha unahisi kama chumvi iliyokauka kwenye mwamba wa pwani. Eneo lililobaki wazi ni dogo, hivyo hujaa haraka na huisha haraka. Ikigundulika mapema, siku mbili au tatu za kuchaji kikamilifu bila kutumia zinaweza kuirudisha kiasi. Ikichelewa, dawa za chupa zinazouzwa kwa ajili hiyo sijaziona zikifufua.

Kwa lithiamu, dalili tofauti ni kuzimika ghafla na kusoma volti sifuri. Mara nyingi haijafa. Kidhibiti chake cha ndani, BMS, kimekata ili kuilinda, na kitafungua ikipata chaji. Usiipime kwa volti pekee, maana tofauti kati ya robo tatu na robo ya chaji haifiki hata 0.4. Funga mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Niongeze maji gani kwenye betri ya maji?

Maji yaliyosafishwa kwa ajili ya betri pekee. Ya kisima yana chumvi, ya bati yana vumbi na kutu. Sema wazi dukani unachotaka, kwa sababu mtu akiomba "maji ya betri" anaweza kupewa asidi, na asidi haiongezwi kwenye betri inayotumika: kinachopungua ni maji, asidi inabaki ndani. Ongeza baada ya kuchaji, hadi yafunike sahani kwa sentimita moja hivi. Ukiongeza kabla ya kuchaji, yatatanuka na kumwagika.

Je, kuna kazi ambazo hazihitaji betri?

Zipo, na ni vizuri kuzitoa kwenye hesabu. Pampu ya maji ifungwe moja kwa moja kwenye paneli na kontrola yake, maji yapandishwe mchana kwenye tangi. Tangi lililojaa ni akiba ya umeme isiyozeeka. Friji za chanjo za zahanati zipo zinazofanya kazi moja kwa moja na jua, zikihifadhi ubaridi kwenye barafu na kulinda nyuzi 2 hadi 8 usiku kucha bila betri. Kupiga pasi na kusaga kufanyike saa sita mchana, betri ikiwa imekaribia kujaa.

Fundi wangu awe na nini?

Tanzania bara, mafundi wa kufunga umeme hupewa leseni na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kenya ina kanuni za mifumo ya sola tangu 2012, na leseni hutolewa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya huko. Iulize leseni hiyo. Zaidi ya karatasi, mwulize akuandikie hesabu ya wati-saa, mchoro wa kuunganisha na namba alizoweka kwenye kontrola. Asiyeweza kuandika hayo hajayapima.

Betri iliyokufa niipeleke wapi?

Ipeleke kwa mkusanyaji mwenye kibali, na usimwage asidi yake shimoni ili kupunguza uzito wa kubeba. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri chakavu kiliwekwa jirani na makazi, na sumu ya risasi ikaingia kwenye damu ya wakazi, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, mama aliyeongoza madai yao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto kwa kiasi kidogo sana, kwa hiyo usikubali mtu aivunje betri uani kwako ili achukue madini. Lithiamu isifunguliwe wala kutobolewa. Zungushia utepe terminali zake kabla ya kuisafirisha.

Nipime nini, na mara ngapi?

Asubuhi mara moja kwa wiki, kabla jua halijagonga paneli na vyombo vikiwa vimezimwa, soma volti ya betri ya risasi na uiandike. Karibu 12.2 ni nusu. Ikishuka chini ya hapo wiki mbili mfululizo, punguza matumizi au ongeza paneli. Saa tisa mchana siku nyingine, angalia kama kontrola imefika hatua ya kushikilia. Mteja wangu mmoja mwenye duka anaandika namba hizo kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la madeni, tangu 2017. Betri zake za jeli ziliingia mwaka wa saba zikiwa bado zinabeba friji yake usiku kucha.